Fimbo iliyoegemeza nyanya yamwokoa Verlene na kiwanda cha kuku

Saa moja kasorobo asubuhi, Verlene Tidmore anaibusu fimbo ya kuvulia samaki.

Ameketi kwenye kiti cha plastiki ndani ya gereji ya nyumba yake, katika mji mdogo wa Coley's Ferry, kaskazini mwa jimbo la Alabama, Marekani. Anaipitisha fimbo taratibu juu ya mdomo wake wa chini, anaizungusha, anarudia. Kisha anasita.

"Hapa pana kinundu," anasema, na kunyoosha mkono kuchukua wembe.

Mtu mwingine angepapasa kwa kidole akamaliza. Verlene, mwenye umri wa miaka 58, hawezi. Vidole vitatu vya kila mkono, kuanzia gumba, havisikii kitu. Vilikufa ganzi kwenye mstari wa kuondoa mifupa ya kuku, alikosimama na kisu kwa miaka 23.

"Ukinichoma sindano hapa nitajua nikiona damu," anasema, na kucheka kwa sauti inayomwamsha mbwa aliyelala mlangoni.

Pete za kupitishia uzi anazifunga kwenye fimbo kwa nyuzi za rangi, mzunguko baada ya mzunguko. Ili uzi ukaze sawasawa, anaupitisha katikati ya kurasa za kitabu cha namba za simu cha mwaka 1998. Kitabu hicho hakijawahi kuwa na maana kubwa kama sasa.

Ukutani zimening'inia fimbo kumi na nne. Zote ni za nyuzi za kioo, yaani fibaglasi. Mwaka mmoja uliopita ungemwambia mtu yeyote wa mji huu kwamba kuna duka litaweka fimbo za kioo mbele, angekuuliza kama umepigwa na jua.

Coley's Ferry ni mji wa wavuvi wa besi, samaki wa maji baridi mwenye mdomo mpana na hasira za karibu. Hapa watu hawagombani sana kuhusu siasa. Wanagombana kuhusu fimbo, na ugomvi mkubwa kuliko yote ni huu: ukivua kwa kisamaki, ushike kioo au grafaiti?

Kisamaki ni chambo cha plastiki chenye kidomo mbele, kinachozama na kutikisika kinapovutwa, na chini kimebeba ndoana mbili ndogo zenye ncha tatu tatu. Grafaiti, yaani nyuzi za kaboni, ni nyepesi, ngumu, na inaupasha mkono habari zote: jiwe, kijiti, samaki akikohoa. Kioo ni kizito na kivivu, na kinapinda hadi karibu na kiganja.

Miaka thelathini sasa vijana wameichagua grafaiti. Kioo kimebaki kwa wazee na kwa wasio na habari.

Verlene alikuwa miongoni mwa wasio na habari. Alipoacha kazi kiwandani miaka minne iliyopita, baada ya upasuaji wa mkono wa kulia ambao haukusaidia sana, mumewe, Lamar, alimnunulia fimbo ya grafaiti ya dola 240 ili asishinde ndani akiitazama mikono yake. Lamar anaendesha greda la kaunti na si mtu wa kutupa pesa.

"Sikupata kitu msimu mzima," Verlene anakumbuka. "Samaki akishika, mpaka mimi nijue, fimbo ile ngumu imeshamchana mdomo, kaenda zake. Nilikuwa nalia ndani ya boti nikisema ni mafua."

Halafu Lamar akaibana fimbo ile kwenye mlango wa gari. Ikakatika vipande viwili. Anasema ilikuwa bahati mbaya, na mkewe anamwamini siku za Jumapili.

Jumamosi iliyofuata Verlene alitaka kwenda ziwani na hakuwa na fimbo. Akaenda bustanini. Huko kulikuwa na fimbo ya zamani ya kioo, ya rangi ya njano, aliyoinunua kwa dola mbili kwenye mnada wa kanisa ili iegemeze mnyanya. Akafungua kamba, akaulaza mnyanya chini na kuuomba radhi.

Siku hiyo alirudi na besi saba.

"Sikufanya chochote tofauti," anasema. "Nilikuwa nakunja uzi tu. Fimbo inapinda yenyewe, samaki anageuka nacho kile kisamaki, anajitia ndoana mwenyewe. Mimi kazi yangu ni kuangalia. Sihitaji kusikia."

Ndipo akaanza kuagiza fimbo tupu za kioo na kuzitengeneza mwenyewe. Majirani walizipenda kwa macho. Kununua ilikuwa habari nyingine. Majira yote ya baridi ya mwaka huu aliuza tisa: nane kwa ndugu, na moja kwa mchungaji aliyeona haya kukataa.

Mwezi wa pili ikaja barua kutoka kiwandani. Walikuwa wanawaita wafanyakazi wazoefu warudi kwenye mstari, na jibu lilitakiwa ifikapo Jumatatu ya katikati ya Machi. Verlene na Lamar walikuwa wamekubaliana tangu vuli kwamba fimbo zisipopata duka mpaka masika, atarudi kushika kisu.

"Daktari aliniambia nikirudi, na vidole vilivyobaki vitafuata," anasema. "Lakini nyumba inataka kuezekwa. Ungefanyaje?"

Alikwenda kwa Odell Pruitt, mwenye duka kubwa la vifaa vya uvuvi mjini, ambaye ukuta wake ulikuwa na fimbo mia mbili na zaidi, zote za grafaiti.

"Bi Verlene, nakupenda kama dada yangu," Odell alimwambia. "Lakini kioo ni cha kina babu. Nikiweka hapa watu watadhani nimeanza kuuza vitu vya kale."

"Shindano la masika lini?"

"Jumamosi ijayo. Kwa nini?"

"Nikiingia tano bora kwa fimbo zangu, utanipa ukuta?"

Odell alicheka mpaka akavua miwani. Boti 64 zilikuwa zimejiandikisha. "Ukiingia tano bora nakupa ukuta ulio karibu na mlango, na kahawa kila ukija," akasema.

Jumamosi hiyo ilikuwa siku mbili kabla ya kujibu barua.

Mwenzake botini alikuwa shemeji yake, Garvin Tidmore, fundi wa viyoyozi mwenye umri wa miaka 44, boti ya kumeremeta na fimbo kumi na sita za grafaiti. Alikubali kwenda naye kwa sharti kwamba hatalazimishwa kugusa "vijiti vya nyanya."

Mchungaji aliziombea boti kwa kipaza sauti, wimbo wa taifa ukapigwa watu wakiwa na kofia vifuani, kisha namba zikaitwa moja moja. Upepo ulikuwa mkali, na maji yamechafuka rangi ya chai ya maziwa. Wawili hao walikwenda kwenye mawe ya daraja la reli, upande wa mashariki wa ziwa la Tolliver, wakafunga visamaki vyekundu.

Kila boti hupima samaki watano. Kufikia saa sita mchana, Verlene alikuwa na watatu ndani ya tangi la maji la boti. Garvin alikuwa ameguswa na samaki mara tano, na mara tano kisamaki kikarudi kitupu.

"Umemkosa tena?" Verlene aliuliza.

"Sijamkosa. Ameghairi."

"Wa tano huyo kaghairi, shemeji. Labda ni kofia yako."

Garvin mwenyewe anasimulia bila kujionea huruma. "Nilikuwa namsikia kila mmoja, wazi kabisa, kama mtu ananipigia simu. Nikimsikia tu, navuta. Kumbe hata hajafunga mdomo, namnyang'anya. Mikono yangu ilikuwa hodari kupita kiasi."

Walikula soseji za kopo na biskuti za chumvi. Kisha Garvin akakohoa.

"Hebu lete fimbo yako moja nikushikie, wewe ule."

"Nimeshakula."

"Verlene, usinitese."

Alimpa fimbo mojawapo aliyoitengeneza mwenyewe, akabaki na ile ya njano ya bustanini. Garvin aliguswa kwenye mtupo wa pili, akavuta kwa nguvu kama alivyozoea, akakosa. Akatukana, akaomba msamaha kwa sababu ni mtoto wa shemasi.

"Mikono yako ina haraka," Verlene alimwambia. "Ukimsikia, usifanye kitu. Endelea kukunja, halafu sema kimoyomoyo: Lamar anakoroma. Ukimaliza kusema, ndiyo uinue fimbo."

"Lamar anakoroma?"

"Pole pole, kama anavyokoroma mwenyewe."

Dakika ishirini baadaye fimbo ya kioo ilipinda mkononi mwa Garvin. Verlene aliona midomo yake ikitembea. Lamar. Anakoroma. Akainua fimbo, na safari hii uzito ulibaki pale pale. Samaki wa nne akaingia tangini, wa ratili nne, na Garvin akapiga yowe lililosikika mpaka darajani.

Wa tano ndiye aliyemtoa Verlene jasho. Zilibaki dakika arobaini kabla ya muda wa kurudi gatini. Fimbo ya njano ilipinda, ikaendelea kupinda mpaka ncha ikagusa maji.

"Yuko bado?" Garvin alikuwa anapiga kelele, ameshika wavu. "Unamsikia?"

"Sisikii kitu! Naangalia!"

Na kweli alikuwa anaangalia, macho hayatoki kwenye mpindo wa ile fimbo. Ikipinda zaidi anatulia, ikinyooka anakunja. Samaki alikimbilia chini ya boti mara mbili. Kwa grafaiti, Garvin anaapa, ndoana ingechomoka palepale. Alipomtia wavuni, kisamaki kilianguka chenyewe: alikuwa ameshikwa kwa ncha moja tu kati ya sita.

Mzani ulisoma ratili nane na robo, samaki mkubwa kuliko wote siku hiyo. Jumla ya watano ilikuwa ratili ishirini na mbili na nusu. Boti moja tu kati ya 64 iliwapita.

Aliyeshika kipaza sauti kwenye mzani alikuwa Odell Pruitt.

"Bi Verlene," alisema, na umati mzima ukisikia, "wote hawa umewavua kwa kioo?"

"Wote."

"Na Garvin?"

Kila mtu aliyajua maneno ya Garvin kuhusu kioo. Angeweza kunyamaza tu. Aliinua fimbo aliyoazimwa juu ya kichwa chake, mbele ya watu mia tatu, akasema, "Wangu nimemvua kwa hii. Na siirudishi." Watu walicheka, wakapiga makofi, na Verlene Tidmore, ambaye hakulia siku aliyotoka kiwandani, akalia pale akiwa ameshika samaki.

Mshindi wa kwanza alikuwa wa kwanza kumfuata kwenye maegesho. Aliagiza fimbo mbili. Mpaka giza linaingia, Verlene alikuwa na maagizo kumi na saba, yameandikwa nyuma ya ratiba ya shindano.

Jumatatu alikwenda kiwandani kama barua ilivyotaka. Alimkabidhi karani karatasi yenye mstari mmoja: asanteni, sirudi. Kisha hakuondoka. Alisubiri getini mpaka saa tisa, zamu ya asubuhi ilipotoka, akamshika mkono Ruthanne Gossett, mwenye miaka 51, aliyesimama kulia kwake kwenye mstari kwa miaka kumi na moja.

Ruthanne alikuwa ameficha mikono mifukoni. Verlene aliijua sababu bila kuuliza.

"Midomo yako inasikia?" alimwuliza.

"Midomo? Verlene, umelewa mchana huu?"

Leo Ruthanne anakuja gerejini siku tatu kwa wiki, kwa dola 18 kwa saa, na mwisho wa mwezi anaacha kisu kabisa. Ukuta wa karibu na mlango kwa Odell una nafasi kumi na mbili za fimbo za kioo, na tangu Machi zimeuzwa hamsini na tatu, kwa dola 140 kila moja. Kila mnunuzi hufundishwa maneno ya kusema samaki akigusa. Lamar hapiti tena dukani kwa raha.

"Mimi sikoromi," anasema kwa uchungu. "Mji mzima sasa unasema nakoroma."

Verlene haitukani grafaiti. Ukiburuta chambo chini kwenye kina kirefu, anasema, ishike, kwa sababu huko unahitaji kusikia. Ila kwa kisamaki amekwisha kutoa hukumu yake, na wengi mjini wameacha kumbishia.

Anachokitaka sasa ni nusu ya gereji inayokaliwa na mashine ya Lamar ya kukatia nyasi. Akiipata, masika ijayo ataweka meza nne zaidi. Majina ya wanawake wanne tayari anayo, wote kutoka mstari ule ule, wote wenye vidole vilivyokufa.

Kwenye meza ya pili, Ruthanne anaipitisha fimbo yake ya kwanza juu ya mdomo, amefumba macho. Anarudia mara tatu. "Laini," anasema. Verlene anaichukua, anaipitisha juu ya mdomo wake, anaitikia kwa kichwa na kumpa kalamu ya wino mweupe, maana kila fimbo hapa hutoka na jina la aliyeitengeneza.

Ruthanne anaitazama kalamu.

"Kuku mamilioni wamepita mkononi mwangu," anasema, "na sijawahi kuandika jina langu popote." Anainama. Anaandika polepole: Ruthanne.

"Andika na la ukoo," Verlene anamwambia, akirudi kwenye kiti chake. "Wakitaka nyingine, wajue wamtafute nani."