Fundi Baiskeli na Gari Jepesi

Fundi baiskeli wetu hapa Mbuba hutusomea simuni habari za magari mepesi ya mbio kwa sauti ya padri, kidole chenye grisi kikipapasa kioo. “Bibi, hili jipya wanaume sita wanalibeba!” Kijiji kizima kilimwita mwongo, hata mimi mwenye kuku aliyemfukuza chui. Juzi gari jekundu la aina hiyo likapita likielekea mpakani, likatumbukia mtaroni. Wanaume sita wakaingiza mabega kama wanaobeba machela ya mgonjwa. Likainuka! Tukamgeukia fundi tumwombe radhi. Kumbe keshalala chali matopeni, chini ya gari. “Msilishushe kwanza, ndugu zangu! Picha za huku chini huwa hawatuwekei simuni.”