Mlango wa Kinywa cha Fundi Komeo

Mganga hajigangi, walisema waliotutangulia, na nadhani walikuwa wakimsema Fundi Komeo kabla hajazaliwa. Milango yote iliyogoma katika mitaa mitatu ilipita mikononi mwake: iliyovimba kwa mvua, iliyokwaruza sakafu, iliyofunguka yenyewe mgeni akiwa msalani. Aliisukuma kwa vidole viwili, akasikiliza inavyolia, akataja ugonjwa wake. Lakini kinywa chake mwenyewe hakikuwahi kufunga sawasawa tangu aote meno ya ukubwani. Magego yalikutana vizuri. Ya mbele yalitazamana kwa mbali kama majirani waliogombana, na katikati yake penseli ya useremala ilipita bila kugusa juu wala chini. Aliibana humo kwa midomo kila mikono yote miwili ilipokuwa na kazi.

Alipofika miaka arobaini na mitatu magego yakaanza kusagika na kichwa kikawa kinamuuma kila asubuhi. Daktari wa mataya, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya upole, akamwambia dawa yake ni upasuaji: taya la juu likatwe, lipandishwe, lifungwe upya. Fundi akasema sawa papo hapo, kama mtu aliyeulizwa kama atakunywa chai. Tarehe ikapangwa baada ya miezi minne.

Angelala usingizi wake yangekwisha. Lakini usilolijua ni kama usiku wa kiza, alijiambia, akaingia mtandaoni kutafuta taa. Akapata video ya dakika ishirini na mbili, upasuaji mzima, hakijafichwa chochote. Akaisimamisha simu kwenye kopo la gundi pale karakanani, akafunga mikono kifuani kama mzee wa baraza.

Mgonjwa alikuwa amefunikwa kitambaa cha kijani, kimebaki kinywa tu. Dakika ya nne msumeno mdogo ukaanza kulia, maji yakimiminwa, na unga mweupe ukatiririka nayo. Hapo Fundi alitikisa kichwa kwa heshima, maana mkono ulikuwa umetulia. Dakika ya saba daktari akashika meno yote ya juu kwa vidole, akayavuta, na taya zima likashuka likaning'inia kama droo iliyotoka kwenye reli zake.

Fundi Komeo akakaa chini. Ukimuuliza atakuambia alitaka kuona vizuri zaidi.

Aliogopa. Niseme tu, maana yeye hakusema. Kitu alichotaka kuliko vyote duniani kilikuwa mtu mmoja tu wa kuogopa naye. Lakini mwanamume huyu alikuwa amezoea kuulizwa "Fundi, itapona?" na kujibu "Itapona." Hakuwa na neno lingine la kujibia. Kwa hiyo, badala ya kusema naogopa, akaanza kuonyesha watu video.

Wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu aliyekuja kuagiza mlango wa bafu. "Hebu tazama kazi ya watu hii, mwalimu," Fundi alimwambia, akamgeuzia simu dakika ya sita na nusu. Mwalimu alidumu mpaka ya saba, akainama polepole, akakaa juu ya rundo la maranda, akaomba maji. Mlango wa bafu alikuja kuuagiza wiki iliyofuata, akiwa amesimama nje.

Nyumbani hali haikuwa bora. Mkewe aliuza miwani mjini. Kutwa nzima alikuwa akiwaambia watu "soma mstari wa chini," lakini hili yeye hakutaka kuliona hata herufi moja.

"Mama watoto, njoo uone wanavyofunga taya kwa vibati. Vinne! Na skrubu kumi na sita!"

"Niondolee uchuro wako hapa, nakula."

"Msumeno wenyewe mwembamba kama—"

"Baba watoto, wewe furahia peke yako. Mimi nitakuja kuona ulivyotoka. Ulivyotengenezwa sitaki kujua."

Furahia! Neno hilo lilimchoma. Alitaka kumwambia kwamba hafurahii, kwamba ameitazama mara tisa na kila mara dakika ya saba moyo unamruka. Akafyata ulimi. Akasema tu kwamba skrubu zile ni ndogo lakini imara, akaenda kulala.

Wiki ya mwisho kabla ya tarehe alipata kisingizio cha kughairi, na alikipata kwa ufundi. Kosa langu liko chini, aliwaza, kila mtu anaona taya la chini limeachama. Mbona wanakata la juu? Mtu gani anakata fremu wakati mlango ndio mbovu? Akachukua vipande vya mbao, akachonga mataya mawili kwa vipimo vya kinywa chake, akayaunga nyuma kwa bawaba ndogo za kabati ili akamwonyeshe daktari alipokosea. Alitoboa, akafunga, akajaribu. Meno ya mbele yakaachana vilevile kama yake. Akaparuza taya la chini hapa, akaliparuza pale, wapi! Basi kwa hasira akachukua patasi akapunguza la juu upande wa nyuma, kidogo tu, unene wa sarafu mbili. Taya la chini likapanda lenyewe, meno yakakutana tap.

Miaka ishirini alikuwa akiwacheka mafundi wanaopiga randa mlango wakati fremu ndiyo imeshuka, na leo naye kafanya vilevile kwa kinywa chake. Kisingizio kikawa kimekufa mikononi mwake. Maji ameshayavulia nguo.

Aliyapeleka mataya yale hospitali hata hivyo. Daktari aliyafungua na kuyafunga mara tatu, akacheka kwa furaha ya kweli.

"Ndivyo hasa. Una swali?"

Alikuwa nayo kumi na mawili, yameandikwa: msumeno una meno mangapi kwa inchi, skrubu ni za kichwa gani, zinakazwa kwa mkono au kwa mashine. Daktari alijibu yote, kisha akasema, "Wagonjwa wengine huniuliza kama wanaruhusiwa kuogopa."

"Hilo sikuandika," Fundi alisema.

"Nimeona."

Upasuaji ulikwenda salama. Siku ya tisa Fundi Komeo alikuwa kwenye kochi nyumbani, uso umevimba kama mto wa kulalia, meno ya juu na ya chini yamefungwa kwa mipira midogo, akilishwa supu iliyosagwa kwa bomba la sindano. Mchana huo, peke yake, akafungua video yake. Aliijua kwa moyo. Lakini msumeno ulipolia tu, akahisi mlio ule ndani ya pua yake mwenyewe, akaitupa simu kwenye zulia. Mkewe alimkuta hivyo alipotoka kazini, macho yamejaa machozi.

Aliiokota simu, akaona ni nini. Akavua viatu, akakaa karibu naye, akamshika mkono, akabonyeza video ianze upya.

Aliitazama yote dakika ishirini na mbili. Ya nne akasema, "Mungu wangu." Ya saba alimminya mkono mumewe mpaka vidole vikafa ganzi, na machozi yakamtiririka hadi kidevuni, hakuyafuta. Akatazama mpaka kibati cha nne, mpaka skrubu ya kumi na sita, mpaka uzi wa mwisho. Kisha akamgeukia.

"Hiki ndicho ulichokuwa unanionyesha? Miezi yote ile ulikuwa unajua watakufanya hivi?"

Fundi aliitikia kwa kichwa.

"Na uliogopa?"

Alichukua daftari alilokuwa akiombea maji na dawa. Kalamu ilikaa juu ya karatasi muda mrefu kuliko ilivyokaa kwa swali lolote la skrubu. Akaandika: *Sana. Naogopa mpaka sasa.*

Mkewe aliyasoma maneno hayo mara mbili, akacheka na kulia kwa pamoja, akakilaza kile kichwa kilichovimba begani mwake.

"Mwanamume wewe! Miezi minne kinywa kiko wazi hukusema. Umesubiri wakufunge ndiyo uniambie."