Hamira Kwapani

Mama yangu anakanda mandazi mtaani Rwezamenyo tangu sijazaliwa, na mimi nimeisomea hamira mpaka shahada ya pili. Ukiniuliza kati yetu nani anaijua zaidi, siku hizi sibishi. Zamani nilibisha sana.

Kazi yangu maabara ilikuwa kutazama mirija ya protini iliyomo ndani ya seli ya hamira, tuliyoitia alama ya kung'aa kijani. Ni myembamba ajabu. Hurefuka polepole, ghafla hubomoka, halafu huanza upya. Seli inapochipua, mirija hiyo ndiyo huvuta nakala mbili za vinasaba na kuzitenganisha, moja ibaki kwa mama, nyingine iende kwa binti. Majina hayo sikuyatunga mimi. Wataalamu wenyewe huziita seli mama na seli binti.

Mara mbili nilitazama, mara mbili sikuona mrija hata mmoja, ukungu wa kijani tu. Mkuu wa maabara, mwanamke aliyekulia Uganda na asiyependa maneno mengi, akaniambia, "Hamira yako iko na shida. Alhamisi ndiyo mwisho. Ukikosa, darubini napatia wengine."

Nililia chooni, kwa hasira si kwa huzuni. Kazi ya mwaka mzima ilikuwa inaniponyoka.

Jumatano nikaenda nyumbani. Mvua ilikuwa imenyesha, na mama alikuwa akifunga beseni la unga kwa kitenge aliweke karibu na jiko la makaa. Nikamweleza kila kitu: darubini iko jengo jingine, juu mlimani, kwa hiyo hamira naibeba kwenye barafu kama tunavyobeba damu na kila kitu, kisha naitazama papo hapo, kwenye chumba chenye kiyoyozi.

Mama akaliacha beseni. "Barafu? Ariko, lakini wewe! Hamira iko na uhai. Mimi naifunika, wewe unaitia barafu, halafu unashangaa?"

Nikamjibu kwa jeuri kwamba maabara si jikoni. Akanimiminia chai. Kabla haijapoa nikafungua daftari langu. Ilikuwa imeandikwa mle, kwa mkono wangu mwenyewe, na kupigiwa mstari mwekundu: mirija hii hubomoka kwenye baridi kali. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, lakini mimi ulimwengu ulinifunza nikasahau, ikabidi nirudi kwa mama.

Alhamisi nilipanda mlima na kichupa cha hamira kwapani, mkono nimeubana hadi mlinzi akaniuliza kama naumwa. Nikazima kiyoyozi. Na mirija ikawepo! Mmoja unarefuka, mwingine unabomoka, na kwenye seli inayochipua mstari wa kijani umenyooka kutoka kwa mama hadi kwa binti. Nikapiga kigelegele, mkuu, aliyekuwa chumba cha pili, akaja mbio. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akasema niendelee na darubini.

Kwenye ripoti nilimshukuru mama, muuza mandazi, kwa ushauri wa kitaalamu. Mkuu akataka neno "kitaalamu" litoke. Nikamwambia basi na jina langu litoke. Neno likabaki.

Ukurasa huo mama ameubandika ukutani juu ya beseni. Umeandikwa Kiingereza, hawezi kuusoma hata mstari mmoja, ila anajua alipotajwa, na kila mteja anayesubiri mandazi humwonyesha kwa kidole chenye unga.