Wimbi Dogo la Tellervo

Kwa miaka saba Tellervo Huhtamäki alihangaika kuthibitisha kihisabati jambo moja: kwamba wimbi la aina fulani, likianza dogo vya kutosha, litadumu milele bila kulipuka. Binti huyu wa fundi wa kiwanda cha karatasi aliamini kwamba udogo wenyewe ni kinga.

Siku ya kutetea tasnifu yake ya udaktari chuoni, mama yake, Lempi, alifika kwa basi la asubuhi na sinia tatu za mikate ya Karelia, ile midogo iliyojazwa wali. Akakaa mstari wa mbele, anatabasamu, haelewi hata neno moja.

Mtahini, Mdenmark aitwaye Hvidtfeldt, alifungua ukurasa wa sitini na tatu.

"Dada, hiki kipengele cha nne cha mlinganyo wako. Unasema wimbi likitawanyika, nacho kinafifia upesi. Hebu kipigie hesabu hapo ubaoni."

Mstari wa tatu, chaki ikasimama. Kipengele hakikufifia vya kutosha. Kilijilimbikiza, kidogo kidogo, bila kukoma, mpaka wimbi lilipuke, hata lingeanza dogo kama chembe ya vumbi.

"Basi linalipuka lini?" akauliza Hvidtfeldt.

Akapiga hesabu hiyo pia, kwa mkono wake, dakika arobaini. Alipomaliza, miaka saba ilikuwa imekwisha. Akamgeukia Profesa Saxberg, msimamizi wake, aliyekaa kando amekunja nne.

"Profesa, ulilijua hili?"

"Tangu mwaka juzi."

"Ukanyamaza?"

"Ningekutafunia, ungejifunza nini? Halafu makala yangu ilikuwa haijatoka."

"Makala gani?"

"Ya mlipuko. Imetoka Jumatatu."

Nyuma kuna mtu alicheka. Lempi akamnong'oneza jirani yake, "Amemaliza? Tupige makofi?" Na akapiga, peke yake, kwa nguvu, mpaka Tellervo akamwambia, "Mama, basi."

Chakula cha jioni cha kumpongeza kilikuwa kimeshaandaliwa. Saxberg alikuja, akala mikate minne.

"Mama, una mkono mtamu wewe!"

"Karibu, Profesa. Umemlea vizuri mwanangu." Akamfungia mingine ya kwenda nayo nyumbani. Tellervo ndiye aliyemshikia mfuko.

Shahada hakupewa. Alipoomba barua ya kumpendekeza kazini, Saxberg aliandika mistari mitatu, wa mwisho ukisema kwamba Tellervo huwahi kazini. Tellervo akapata kufundisha sekondari katika mji wa Varkaus, akadumu hapo miaka kumi na tisa. Katika makala ya Saxberg jina lake limo, chini ya ukurasa, likishukuriwa "kwa mazungumzo."

Lempi hakuambiwa ukweli. Mpaka anakufa alikuwa akiwatambia majirani kwamba binti yake ni daktari wa hisabati. Kwenye mazishi mchungaji akatangaza, "Sasa Daktari Tellervo atasema machache."

Watu wakageuka kumtazama. Wawili kati yao walikuwa walimu wenzake, nao walijua kwamba yeye si daktari. Tellervo akasimama, akaenda mbele.