Swali Langu Liko Kitandani

Mimi shule niliishia darasa la pili. Ng'ombe zangu nimezitafuta mwenyewe, nyumba ya bati nimeijenga mwenyewe, na kosa ninaloandika hapa nililifanya mwenyewe. Simsingizii mtu.

Vita vya Uganda nilikuwa mbeba machela. Kipande cha chuma kiliponiingia pajani, daktari wetu wa jeshi alinipasua chini ya turubai, ganzi imekwisha, huku ananitukana nisizimie. Nikapona. Tangu siku hiyo kwangu mimi daktari alikuwa mmoja tu. Vita ilipoisha tukasikia redioni amepewa ukuu wa wilaya, tena wilaya yetu. Nilichinja beberu. Watu wa kijiji chetu cha Mugeta wakaniuliza, "Kwani ni ndugu yako?" Nikawajibu, "Zaidi."

Miaka ile hali ilikuwa mbaya. Sabuni hakuna, mafuta ya taa hakuna, na zahanati yetu ilibaki na mganga na mizani ya kupimia watoto. Jumatatu mke wangu akashikwa na tumbo. Jumanne likawa gumu kama ubao, anatapika nyongo. Kaka yake akafunga maksai kwenye mkokoteni, amfikishe barabara kuu wakatafute lori la Musoma.

"Fungua hao ng'ombe," nikamwambia. "Alhamisi daktari anakuja hapa hapa."

"Shemeji, huyo anakuja kuhimiza pamba. Siku hizi ni mtu wa hotuba."

"Alinipasua mimi gizani, hajala siku mbili. Wewe utanifundisha nini?"

Akafungua. Mke wangu aliona. Alinitazama tu.

Alhamisi tukambeba na kitanda chake mpaka uwanja wa mkutano. Mgambo wakatuweka nyuma kabisa. Mkuu wa wilaya akahutubia: masalia ya pamba yang'olewe, yachomwe, atakayeyaacha shambani atashtakiwa. Akaendelea, akaendelea. Mimi nasikiliza pumzi za mke wangu. Ilipofika zamu ya maswali nikasimama.

"Mheshimiwa, swali langu liko kitandani."

Watu wakacheka. Mwenyekiti wa kijiji akanifokea, "Kaa chini, mzee, unatuaibisha mbele ya wageni!" Lakini yule bwana alishanitambua.

"Machela! Wewe bado hujafa?"

Akashuka jukwaani anacheka. Akaweka mkono juu ya lile tumbo, kicheko kikakatika.

"Tangu lini?"

"Jumatatu."

"Kwa nini hukumpeleka Musoma?"

"Nilikuwa nakungoja wewe."

Afadhali angenitukana. Alisema kwa sauti ndogo, "Huyu alikuwa wa kupasuliwa juzi. Mimi hapa nina nini? Nina kalamu." Akamwamuru dereva ashushe mafaili, tukamlaza mke wangu nyuma ya Landrova, tukaondoka mbio. Yeye akabaki Mugeta bila gari, na jioni ile alikuwa anangojwa Butiama.

Butiama watu walikuwa wamejipanga kando ya barabara, matawi mkononi. Kuona gari la bendera, ngoma zikalia, akina mama wakapiga vigelegele. Dereva hakupunguza mwendo. Mke wangu akafumbua macho.

"Wanamshangilia nani?"

"Wewe."

"Mwongo wewe," akasema, na mdomo ukataka kutabasamu.

Hakuniambia neno lingine. Musoma walimpasua jioni ile ile. Hakuamka.

Kwenye msiba mkuu wa wilaya alikuja bila bendera, akakaa chini na wanaume wenzake mpaka tukamaliza kuzika. Shemeji yangu hakuongea na mimi, miaka mingi.

Baadaye yule bwana alihamishwa, kisha akaacha kabisa kazi ya serikali. Biashara zilipofunguliwa, na watu binafsi wakaruhusiwa kutibu, akaanzisha zahanati ya vyumba viwili pale Bunda, akarudi kuvaa koti jeupe. Paja likinisumbua nakwendaga. Nakaa kwenye benchi na wengine, mlango uko wazi, namsikia. Kabla hajamgusa mgonjwa yeyote anamwuliza kwanza, "Umengoja siku ngapi?"

Mimi haniulizagi.