Fundi Saa Ahesabu Ndege

Kila mwaka masika yakiingia, fundi saa hufunga kibanda chake siku moja na kwenda ziwani kuhesabu ndege wahamaji, wale wanaotua kupumzika kabla ya safari ya kaskazini. Mkewe, mshona mapazia, hakuwahi kumfuata. Ndege wa nini, na kuku wamejaa uani? Mwaka huu akachukua mwavuli.

"Mama watoto, kunanyesha."

"Naona."

Kuona ndiko kulikompeleka. Wiki iliyopita mumewe alilisalimu koti lililotundikwa mlangoni, tena kwa heshima zote. Alipoulizwa, akasema anatania. Mtu mwenyewe hajatania tangu aoe!

Walijibanza chini ya bati la banda la mitumbwi. Fundi akainua darubini.

"Korongo mmoja. Ana subira huyo, hajatikisika tangu tufike."

Mkewe akatazama. "Baba watoto, lile ni gunia."

Mvua ikapiga bati. Fundi akafuta alichoandika.

"Tangu lini?"

"Mwaka jana."

"Na saa za watu unazitengenezaje?"

"Nazisikiliza. Ndege nao nawasikiliza, ila leo mvua inawakatiza maneno."

"Ukanificha mimi!"

"Ungeniambia nifunge kibanda."

Hasira zikampanda. "Mficha maradhi..."

"Kifo kiko mbali. Ni macho tu."

"Na mimi, unaniona?" Walikuwa wamekaa bega kwa bega. Akamgeukia, akamtolea ulimi wote, kama mtoto mtundu.

Fundi akamtazama kwa makini. "Nakuona vizuri sana," akasema. "Umependeza. Hata mvua haijakuharibu."

Mama wa watu akaurudisha ulimi taratibu. Aliogopa, akaogopa kuliko siku ya uchungu wa mtoto wa kwanza. Kisha akamnyang'anya daftari, penseli na darubini.

"Kesho hospitali ya macho, na usinijibu. Haya, kuna kadogo hapa matopeni, kanatembea huku kanatikisa mkia. Kanaitwaje?"

"Kana tumbo jeupe?"

"Jeupe."

"Kitwitwi." Fundi akatega sikio. "Angalia vizuri, mke wangu. Mara nyingi huwa na mwenzake."

Mkewe akapangusa kioo cha darubini, akapangusa na macho, akatafuta mpaka akampata wa pili.