Claudine na Kiti Kimoja cha Marekani

Claudine, mzaliwa wa Bukavu, huwaogesha wazee katika nyumba moja ya kulelea huko Woluwe, Ubelgiji. Hana kura Marekani. Ila msimu ule aliwajua wagombea ubunge wa jimbo moja la mahindi na nguruwe kuliko alivyowajua mawaziri wa Ubelgiji, ambao hata Wabelgiji huwasahau.

Sababu ilikuwa Élodie, mdogo wake, aliyekwama na watoto kambini Burundi tangu safari za wakimbizi kwenda Marekani zisimamishwe. Kaka yao Aaron, mkata nyama katika jimbo lile, alikutana kanisani na mgombea mmoja, mama mwalimu, akaahidiwa: nikipita, nitalifuatilia faili la dada yako. Jimbo lenyewe huchagua wahafidhina kwa mazoea, kama mtu anavyovua viatu mlangoni. Kwa hiyo akina mama wa chumba cha maombi cha mtaa wa Porte de Namur, anakosali Claudine, walifunga kwa zamu wakimwombea mwalimu yule. Maman Mujinga, mmoja wao, alimwombea hata mpinzani akaukiwe na sauti.

Jumatano asubuhi matokeo yakatoka. Wahafidhina walizoa viti vyote vya jimbo, isipokuwa kimoja. Claudine akampigia Aaron papo hapo, akimwita yaya, kama kwao Bukavu wanavyomwita ndugu mkubwa.

"Yaya, ule mama amepita!"

"Amepita," Aaron akasema, kwa sauti ya kutangaza msiba.

"Alors? Mbona hivyo?"

"Nimeita watu yake. Banauliza minakaa wapi. Banasema, pole papa, hauko wa kwetu. Huku kila mbunge anafwata faili ya watu wa eneo lake tu. Mupaka ya eneo inapita mu barabara. Sisi tulihamia ngambo ya pili."

"Mulihama juu ya nini?"

"Juu ya Élodie na watoto, bapate pa kulala. Ile nyumba ilikuwa na chambre moja ya kulala. Hii iko na tatu."

"Na mbunge wenu?"

"Ni ule anasemaka turudi kwetu."

"Bon, rudini basi ku ile nyumba!"

"Tulisaini kupanga hii mwaka muzima. Na visite médicale ya Élodie, ile vipimo ya daktari ya safari, inaisha janvier, mwezi wa kwanza. Kisha hapo, faili inaanza zéro."

Maombi, basi, yalikuwa yamejibiwa, ng'ambo ya barabara.

Claudine alikuwa bado amesimama mtaa wa Chaussée d'Ixelles, watu wakimpita na mifuko yao, ujumbe wa sauti wa Élodie ulipoingia kwenye simu. "Yaya, nimesikia ule mama amepita! Masufuria nimeshagawia majirani. Watoto banauliza kama kule theluji inaumaka."

Aliusikiliza tena, kisha akaandika: "Omba bakurudishie sufuria moja."